Ushuru wa Mitumba: Rwanda Ilikaza, Kenya Ikalegeza

Jinzi uliyookota Kongowea kwa bei ya kutupa ilishuka Kilindini ndani ya robota. Kabla haijatoka bandarini ilitozwa ushuru, na kuna wakati ushuru huo nusura uifute sokoni.

Twende hesabu kidogo. Kanuni ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa asilimia 35 ya thamani ya mzigo au senti 20 za dola kwa kilo, yoyote iliyo kubwa. Robota la kilo 45, ukipiga kwa uzani, ni dola 9. Mwaka wa 2016 marais wakakubaliana mitumba iishe kufikia 2019, viwanda vya nguo vya hapa vipate pumzi. Rwanda ikapandisha hadi dola 2.50 kwa kilo. Robota lile lile, dola 112.50! Hapo hata fagia itauzwa bei ya kamera.

Marekani ikanuna. Wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa huko walilalamika 2017, na fimbo ilikuwa AGOA, sheria ya mwaka 2000 iliyofungulia bidhaa za Afrika soko lao bila ushuru. Kenya ikajitoa mapema. Rwanda ikakaza, na Julai 2018 nguo zake zikatolewa kwenye mpango huo.

Wengi walisema tumejiuza. Mimi sikubali, hasa nikiangalia Mombasa. Madada wanaoshona kwenye viwanda vya EPZ huku kwetu wangeumia wa kwanza. Dada anashona suruali mpya ya kwenda Marekani, mshahara ukiingia ananunua iliyovaliwa Marekani. Zote zinapita Kilindini.

Kinachonikera ni hili neno 'kulinda'. Kitambaa kingi cha EPZ kinatoka nje, AGOA yenyewe iliruhusu, kwa hivyo mkulima wa pamba haoni kitu. Na ukifungia mitumba leo, wa kwanza kujaza pengo ni nguo mpya za bei rahisi kutoka China, si Rivatex ya Eldoret, iliyofunguliwa upya 2019 baada ya kukarabatiwa.

Halafu tushaonja, bana. Kuanzia Machi hadi Agosti 2020 serikali ilipiga mitumba marufuku kwa sababu ya corona. Wasee wa vibanda walikaa bila mzigo mpya. Kiwanda kilichofunguliwa kwa sababu ya miezi hiyo sijakiona bado. Stima ya kiwandani ikishuka bei, hapo tuongee ushuru.