Baraza la Saza na Chifu Aliyekuwa Hakimu

Wakazi wa Kiyeyi na Budama Magharibi wangali wakilitumia neno saza, yaani kaunti, ingawa vijana wengi hawajui kwamba saza ilikuwa pia na mahakama yake. Mpango huo uliletwa Bukedi na Semei Kakungulu na mawakala wake wa Kiganda mwanzoni mwa karne ya 20, kwa kufuata ngazi za Buganda: muluka, gombolola, kisha saza. Aliyeshindwa kwenye gombolola alikata rufaa kwenye saza. Lugha ya utawala ilikuwa Kiganda, hata kama mdai na mdaiwa walikuwa Jopadhola wote wawili.

Majengo yenyewe hayakuwa na fahari. Ya awali yalikuwa ya miti, udongo na nyasi. Yaliyofuata yalijengwa kwa matofali ya kuchoma na kuezekwa mabati. Paa lilishushwa kupita ukuta ili livike kivuli ukumbi wa nje, ambako mashahidi walingoja kuitwa. Kiswahili huuita ukumbi huo baraza, na mkutano wa wazee nao huitwa baraza. Hapa maana zote mbili zilikutana. Ndani mlikuwa na chumba kimoja kirefu chenye madirisha mapana, ili umati usikie hukumu. Kwa maoni yetu, huo ulikuwa ubunifu wa busara.

Kasoro haikuwa ukutani. Kwa miaka mingi chifu aliyekadiria kodi ndiye aliyeketi kuhukumu, na askari walikuwa wake. Katika miaka ya 1950 juhudi za kumtenga hakimu na chifu zilianza, lakini chuki ilikwisha kuota mizizi. Januari 1960 wananchi wa Bukedi waliasi kwa sababu ya ukadiriaji wa kodi. Machifu walishambuliwa, nyumba zikachomwa, watu wakafa. Baada ya uhuru mahakama hizo ziliingizwa katika mfumo wa mahakimu. Ng'ambo ya mpaka, Kenya ilifanya vivyo hivyo mwaka 1967.

Leo Ibara ya 28 ya Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inadai mahakama huru. Polisi hupeleleza, hawahukumu. Mshukiwa hufikishwa mahakamani kabla ya saa 48 kupita. Mgogoro wa ardhi ya kimila huanzia mahakama ya LC II, kwenye muluka. Mauaji na ubakaji havimalizwi na LC wala wazee: huripotiwa kituoni. Dhamana ya polisi haina malipo.