BAO BARAZANI



Wazazi wa hapa Moshi hutuuliza: Je, yafaa kuwakusanya jamaa na majirani nyumbani wakacheza bao? Nasi huwauliza: Na msipowakusanya, vijana wenu watakuwa wapi? Mjini, na hata huko juu migombani, twawaona wameinamia simu wakibashiri mechi za mpira wa Ulaya kwa fedha. Hiyo ni kamari, hata ikipewa jina zuri namna gani. Wala haitoshi kumwambia kijana, "Toka huko", yatupasa tumwambie pia, "Njoo huku."

Ama hukumu yake ni hivi. Katika Sura ya Al-Maida, aya ya 90 na ya 91, Mwenyezi Mungu ametukataza ulevi na kamari, akatubainishia na sababu: shetani kwa mambo hayo hutia uadui na chuki baina ya watu, na huwazuia na kumkumbuka Mola wao na kusali. Mtume wetu (S.A.W.) naye aliukemea vikali mchezo wa dadu, na hadithi hiyo imo katika Sahih Muslim. Wanavyuoni wa madhehebu ya Imam Shafi hutenga baina ya mchezo utegemeao bahati, kama wa dadu, na mchezo utegemeao hesabu na fikira, kama sataranji. Huu wa pili wameuhesabu kuwa makuruhu, si haramu, maadamu hauna kamari wala matusi wala haupotezi sala. Bao ni hesabu tupu, nasi twaliona katika fungu hilo. Ludo, kwa ajili ya dadu yake, tumeiacha nje. Na mwenye kujiepusha na yote asilaumiwe.

Wala asiseme mtu kuwa bao ni la wasio na kazi. Mwalimu Julius Nyerere, rais wa kwanza wa nchi yetu, alikuwa mpenzi wa bao.

Mara ya kwanza tulipofanya baraza hii tulikosea mambo mawili. La kwanza, tulifuata ada ya kuwa aliyefungwa ainuke. Basi mzee mmoja, fundi aliyelelewa Tanga, alikaa tangu Alasiri asiinuke, na vijana sita waliinuka mbele yake mmoja mmoja, kila mmoja kwa dakika chache. Wawili hawakurudi tena. La pili, mtu alisema kwa mzaha, "Atakayefungwa atanunua soda," nasi tukanyamaza. Kufika mchezo wa tatu, vijana wawili, watoto wa ndugu, walikuwa hawasemezani, na adhana ya Magharibi iliposikika, watu walisema, "Bado kidogo, tumalize hili." Aya ya 91 ilitimia yote mbele ya macho yetu, kwa thamani ya chupa moja ya soda.

Tangu siku hiyo tumefuata utaratibu huu, nao umetufaa.

Kwanza, hapana dau lolote, hata la peremende. Pili, twaanza baada ya sala ya Alasiri, nao ni muda wa saa mbili na nusu hivi. Ikisalia nusu saa kabla ya Magharibi, hapana bao jipya linaloanzwa.

Tatu, twaweka mbao mbili. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 kwa safu nne, na kete 64. Mafundi huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi kwa kila mmoja, wakazinamua moja moja, na hapo ndipo mgeni wa mchezo hupotea. Kwa hiyo ubao wa pili ni wa bao la kujifunza: kete mbili katika kila shimo, hapana ya mkononi, na mtoto wa miaka minane huufahamu siku ile ile.

Nne, tumeigeuza ada: aliyefunga mara mbili ndiye ainukaye, akakae kando ya mwanafunzi amfundishe. Mzee wetu aliona haya kidogo mwanzoni; sasa yeye ndiye awaitaye watoto. Tano, watazamaji wasidokeze wala wasimkebehi aliyefungwa. Utani wa bao una ladha yake, lakini upime kwa uso wa mwenzio.

Akina mama na mabinti nao wana ubao wao uani. Isiwe fungu lao ni kupika kahawa tu. Kahawa huitengeneza wenye zamu, wanaume na wanawake, pamoja na kashata na ndizi. Majirani zetu Wakristo huja pia, na adhana ikisikika wao ndio hutangulia kusema, "Haya, nendeni mkasali."

Wale watoto wa ndugu tuliwapatanisha baada ya wiki mbili, kwa kuwaketisha upande mmoja wa bao la kujifunza wamfundishe mdogo wao. Ndipo tulipojua kuwa ubao ule ule uwatenganishao watu waweza kuwakutanisha. Tofauti ni nia ya mwenye nyumba.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azihifadhi nyumba zetu na vijana wetu. Amin.