Pagaa, Pakata, Futika: Vitenzi vya Kubeba Mizigo kwenye Theluji

Mwanzoni mwa muhula uliopita tulipokea barua pepe kutoka kwa mhitimu wetu mmoja anayesoma nchini Austria. Kila majira ya baridi, yeye na wanafunzi wenzake kutoka Afrika Mashariki na Kongo huenda pamoja, kwa siku moja, katika kituo cha mchezo wa skii kwenye milima ya Alpi. Kundi lao lina Waganda, Warundi, Wakongo na Watanzania, na lugha pekee wanayoelewana wote ni Kiswahili. Kwa hiyo alikuwa amewaandikia ukurasa mmoja wa maelekezo juu ya namna ya kubeba na kuweka vifaa vyao, akatuomba tuusahihishe.

Sababu ya ombi lake ilitugusa. Katika safari ya mwaka uliotangulia, dada mmoja wa kundi hilo alikuwa amesoma katika ukurasa huo maneno haya: "Beba skii zako begani." Akazibeba begani kama alivyoelekezwa. Mwenzake alipomwita, akageuka ghafla, na skii zilizochomoza nyuma yake zikampiga mtoto usoni. Mtoto yule alishonwa nyuzi tatu juu ya jicho. "Nadhani kosa lilikuwa la sentensi yangu," mhitimu wetu alituandikia.

Tuliupeleka ukurasa huo katika darasa letu la tafsiri la mwaka wa tatu. Katika makala haya tunapenda kuwaeleza walimu na wanafunzi wenzetu tulichojifunza, kwani somo lililotokea halikuwa la theluji peke yake.

Je, mada hii inatuhusu?

Swali hili liliulizwa na wanafunzi kabla hatujafungua midomo. Kwa nini darasa la Kiswahili lihangaike na mchezo wa Wazungu? Jibu la kwanza lilitoka kwa mwanafunzi wa Kasese. Alisema kwamba wao huiona theluji ya Rwenzori wakiwa nyumbani, na kwamba katika lugha yao ya Rukonzo ina jina lake, nzururu. Jibu la pili ni la historia. Mwaka 1998 Mkenya Philip Boit alishindana katika mbio za skii za kilomita 10 kwenye Olimpiki ya Nagano, Japani. Alifika wa mwisho, na mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norwei, alimngojea mwishoni mwa njia ili amkumbatie. Jibu la tatu ndilo zito zaidi: wako wazungumzaji wa Kiswahili wanaokwenda huko, na wanahitaji maelekezo wanayoweza kuyafuata bila kuumia wala kuumiza.

Mzigo wenyewe

Kwanza tuliwaomba wanafunzi wausahau ukurasa na waufikirie mzigo. Mtu anayeteremka mlima kwa skii ana skii mbili ndefu zenye kingo za chuma, na juu ya kila moja pamefungwa kishikio cha kuibana buti. Ana buti mbili za plastiki ngumu, fimbo mbili, kofia ngumu, miwani mikubwa ya theluji na glavu. Skii, buti na fimbo pekee hupata kilo 10 hivi. Juu ya hayo ana shanta ndogo yenye maji, chakula kidogo, mafuta ya kujikinga na jua na nguo ya akiba. Ana simu, na ana kadi ya kupandia lifti.

Akiwa anateleza, mzigo huu humbeba yeye. Shida ni pale anaposimama. Kutoka kituo cha basi hadi kwenye lifti, kutoka lifti hadi mkahawani, na jioni kurudi tena, inambidi aubebe yeye, akiwa amevaa buti ambazo haziruhusu kifundo cha mguu kupinda, katikati ya umati wa watu waliobeba vilevile.

Tulipourudia ukurasa wa mhitimu wetu tulihesabu kitenzi "beba" mara 14. Beba skii, beba shanta, beba simu, beba kadi. Lakini mambo hayo manne hayafanywi kwa namna moja, na mwili hautumiki kwa namna moja.

Begani

Kiswahili kina kitenzi cha kubeba kitu begani, nacho ni pagaa. Ndicho kilichotupa mpagazi, yule mchukuzi wa misafara ya zamani. Mpagazi alijua kwamba mzigo mrefu una mbele na una nyuma. Skii nazo ni hivyo hivyo. Huunganishwa nyayo kwa nyayo, zile breki zake ndogo zikishikana ili zisiachane. Kisha huwekwa begani ncha zilizopinda zikitangulia, vile vishikio vya buti vikiwa nyuma kidogo ya bega. Mkono mmoja hukandamiza sehemu ya mbele ili ishuke na ya nyuma ipande juu ya vichwa vya watu. Mkono mwingine hushika fimbo zote mbili na kuzifanya mkongojo.

Kwenye umati, hata kupagaa ni hatari. Hapo skii hushushwa na kusimamishwa wima mbele ya kifua, mtu akizizungushia mikono. Mwanafunzi mmoja alisema mara moja: "Basi hapo anazikumbatia!" Ndivyo. Neno kumbatia linatoa picha nzima: skii ziko mbele, ziko karibu na mwili, na hakuna kinachochomoza kumgonga jirani.

Mapajani

Lifti ya viti ni viti vilivyoning'inizwa kwenye waya, ambavyo huja kwa nyuma, humzoa mtu na kumpandisha mlimani bila kusimama. Mtu aliyevaa shanta mgongoni anapokaa, shanta humsukuma mbele, na mikanda yake huweza kunasa kwenye kiti. Akifika juu na kutaka kuondoka, kiti hakimwachii. Kwa hiyo shanta huvuliwa kabla kiti hakijafika, mikanda inayoning'inia hukusanywa, na mtu huiweka mapajani na kuizungushia mkono mmoja. Fimbo zote mbili hushikwa kwa mkono wa pili, na vitanzi vyake visiwe vimevaliwa kwenye vifundo vya mikono.

Ukurasa wa kwanza ulisema: "Beba begi lako kwa mbele unapokuwa umekaa kwenye lifti." Darasa lilipendekeza: "Pakata shanta." Kupakata ni kuweka mapajani na kushika, kama mama anavyompakata mtoto ndani ya basi. Maneno mawili yalichukua kazi ya maneno tisa. Tunakiri kwamba tulijisikia fahari.

Maungoni

Vitu vidogo ndivyo vinavyopotea. Kadi ya lifti husomwa na mashine langoni bila kutolewa, na kwa kawaida mashine hiyo iko upande wa kushoto. Kwa hiyo kadi hukaa peke yake katika mfuko wa kushoto wa koti, mbali na simu inayoweza kuizuia isisomwe. Simu nayo hukaa ndani, karibu na mwili, kwa kuwa baridi huishusha betri haraka. Wazee walikuwa na kitenzi cha jambo hili: futika, yaani kusokomeza kitu ndani ya nguo uliyoivaa, kama mwanamke anavyofutika noti kiunoni akiwa sokoni.

Miwani isiyotumika isipandishwe kwenye paji la uso, kwani jasho huitia ukungu kwa ndani. Ivuliwe na iwekwe kwenye kifuko chake laini. Na kitu kigumu, kama chupa ya chuma, kisikae kwenye shanta mahali kinapogusa uti wa mgongo. Kila mwanafunzi wa skii huanguka, na anapoanguka mzigo wake huanguka naye.

Kuweka na kuacha

Tulidhani sehemu ya kuhifadhi vifaa ingekuwa rahisi, kumbe ndiyo iliyotuchekesha na kutufundisha zaidi. Saa ya chakula skii haziingii mkahawani. Ukurasa ulisema: "Wakati wa chakula acha skii." Mwanafunzi mmoja akauliza kama siku imekwisha. Kuacha ni kuweka mahali na kuondoka, lakini pia ni kukoma. Sentensi iliyokosa mahali ilikuwa inamfukuza msomaji mlimani.

Kwa kweli skii hutiwa kwenye fremu maalumu nje ya mlango. Darasa liliiita kichanja, kwa kuwa kazi yake inafanana na ya kile kichanja cha kuanikia vyombo uani: kushika vitu vilivyosimama hadi mwenyewe arudi. Pasipo na kichanja, skii huchomekwa kwenye theluji kwa upande wa nyuma, kando ya njia. Haziegemezwi ukutani, maana huteleza na kuanguka, na kingo zake hukata. Tazameni vitenzi hivyo: kutia, kuchomeka, kuegemeza. Kimoja ni sawa, kimoja ni sawa kwa sharti, kimoja ni kosa. Kitenzi "weka" kingevifunika vyote vitatu.

Skii za kukodi hufanana kama mapacha, na mara nyingi huchukuliwa kwa bahati mbaya kuliko kwa wizi. Wazoefu hufanya hivi: rafiki wawili hubadilishana skii moja moja, kila jozi ikawa na mguu mmoja usio wake, na jozi hizo huwekwa mbali mbali. Hakuna anayeondoka na skii zisizolingana. Glavu nazo husokomezwa ndani ya kofia ngumu, ili kinachokumbukwa kimoja kikumbushe kingine.

Viatu vya kawaida, soksi kavu na nguo ya kubadili hubaki chini, katika loka ya kufunga kwa ufunguo au kwa sarafu. Jioni maji hufutwa kwenye kingo za skii ili chuma kisipate kutu. Buti hufunguliwa na kuanikwa mahali penye joto, kwa kuwa buti iliyolala ndani ya gari la baridi hukakamaa, na asubuhi mguu hauingii.

Neno zuri na neno linaloeleweka

Tuliurudisha ukurasa Austria ukiwa umepambwa: pagaa, kumbatia, pakata, futika, chomeka. Wiki mbili baadaye jibu lilifika. Mhitimu wetu alikuwa amewasomea wenzake. Watanzania wawili walivifahamu vitenzi vyote na wakafurahi. Mrundi alikijua pakata lakini si pagaa. Mkongo alitabasamu kwa adabu na hakuuliza lolote. Baadaye tu ndipo alipokiri kwamba hakujua aziweke wapi skii zake.

Hapo tuliona kwamba tulikuwa tumerudia kosa lile lile kwa Kiswahili kizuri zaidi. Sentensi ya kwanza ilishindwa kwa kuwa neno lake lilikuwa pana mno. Ya pili ilishindwa kwa kuwa neno lake halikuwa la wote. Nusu ya wasomaji wake walijifunza Kiswahili sokoni, kambini na njiani, wala si pwani. Kwao, kamusi yetu haikuwa kinga.

Tuliandika mara ya tatu. Vitenzi vyenyewe vilikuwa vimetufundisha jambo moja, nalo ndilo tuliloliokoa: kila kimoja kimeficha ndani yake kiungo cha mwili. Pagaa kina bega, pakata kina mapaja, futika kina kiuno. Kiungo hicho kila mzungumzaji anakijua, awe wa Tanga au wa Bukavu. Kwa hiyo sentensi ya kwanza ikawa hivi: "Weka skii begani, ncha zitangulie mbele, na mkono mmoja uzikandamize kwa mbele. Usigeuke ukiitwa. Simama, zishushe, kisha tazama nyuma." Ni ndefu, haina pambo, na mtu yeyote anaweza kuisimamia na kuifuata.

Vitenzi vizuri hatukuvitupa. Tuliviweka mwishoni mwa ukurasa, kila kimoja na maana yake, kwa anayetaka kujifunza. Safari ilifanyika Februari. Mhitimu wetu anasema kilichopotea ni glavu moja tu, na kwamba yule Mkongo sasa humwambia kila anayekalia kiti cha lifti, "Pakata, ndugu yangu, pakata!"

Zoezi la darasani

Walimu wanaweza kulitumia somo hili bila theluji hata kidogo. Mwombe mwanafunzi mmoja aeleze, bila kutumia "beba" wala "chukua", namna mtu anavyosafirisha mkungu wa ndizi, ndoo ya maji, mtoto mchanga na jembe. Mwingine ayafuate maelekezo hayo kwa vitendo mbele ya darasa, akifanya lile tu aliloambiwa. Pale atakaposimama na kuuliza "Wapi?", ndipo sentensi inapohitaji kuandikwa upya.