Ramani ya mbu ni onyo wala si ramli

Kwa miaka mingi, mwanafunzi wa Kenya aliyeulizwa malaria hupatikana wapi nchini alijibu bila kusita: kandokando ya Ziwa Victoria na katika mwambao wa Pwani, ambako joto na unyevu havikatiki, katika nyanda za juu za magharibi kama Kisii na Nandi, ambako ugonjwa huzuka kwa vipindi, na katika sehemu kame za kaskazini pindi mvua zinaponyesha. Jiji la Nairobi na miinuko yenye baridi viliachiwa rangi ya usalama. Jibu hilo lilimpatia alama zote, na lilistahili. Hata hivyo, ramani iliyo nyuma ya jibu hilo ilichorwa kwa kufuata tabia za mbu tuliowazoea. Sasa amebisha hodi mbu asiyeijali ramani hiyo.

Mbu huyo huitwa kitaalamu Anopheles stephensi. Asili yake ni Asia ya Kusini na nchi zilizo kandokando ya Ghuba. Barani Afrika aligunduliwa kwanza nchini Djibouti mwaka wa 2012, kisha Ethiopia mwaka wa 2016, na pia Sudan, Somalia, Nigeria na Ghana. Mnamo Desemba 2022 alinaswa katika maeneo ya Laisamis na Saku, Kaunti ya Marsabit, na habari hiyo ikatangazwa na Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu nchini, KEMRI, Februari 2023. Wahenga walinena kwamba mgeni njoo mwenyeji apone. Huyu amekuja ili mwenyeji augue.

Yafaa tuelewe ni kwa nini ujio wake unatia hofu. Mbu wetu wa kienyeji wanaoeneza malaria, hasa Anopheles gambiae na jamaa zake, hupendelea madimbwi ya mvua, mashamba ya mpunga na kingo za mito. Kiangazi kikiingia, madimbwi hukauka na mbu hupungua. Mgeni huyu hutaga mayai pia katika matangi, mapipa, visima na hata magurudumu makuukuu yaliyotuamisha maji. Kwa hivyo kiangazi, ambacho zamani kilikuwa likizo ya malaria, kwake ni msimu wa neema, kwa kuwa ndipo watu huhifadhi maji kwa wingi. Mji nao, ambao zamani ulikuwa ngao, kwake ni makao. Isitoshe, yeye huuma nje ya nyumba na mapema jioni kabla watu hawajaingia katika vyandarua, na ameonyesha usugu dhidi ya aina kadhaa za dawa za kuua wadudu.

Djibouti iliripoti wagonjwa 27 tu wa malaria mwaka wa 2012. Kufikia 2020 idadi ya mwaka ilikuwa imepita 73,000. Katika mji wa Dire Dawa, mashariki mwa Ethiopia, wagonjwa 205 waliripotiwa mwaka wa 2019. Lakini kati ya Januari na Mei 2022 walizidi 2,400, na mkurupuko huo ulitokea wakati wa kiangazi. Watafiti walipochunguza makao ya wagonjwa waliwakuta mbu hawa na viluwiluwi wao karibu nao, wakiwemo wale wa mabweni ya wanafunzi wa chuo kikuu. Mwalimu anayesoma makala haya na ajiulize: bweni la shule yangu lina matangi mangapi, na mangapi kati ya hayo yana vifuniko?

Je, yawezekana kujua mapema mgeni kama huyu atafika wapi? Hapa ndipo ilipo elimu ninayotaka kuitetea leo, yaani elimu ya kukadiria kwa hesabu mahali viumbe wanapoweza kuishi. Msingi wake si mgeni kwa mkulima yeyote. Mnazi haustawi Limuru, wala mchai haustawi Malindi. Kila kiumbe ana mipaka yake ya joto, mvua na unyevu, akiivuka hufa au hushindwa kuzaa. Mwaka wa 1917 mtaalamu wa Marekani, Joseph Grinnell, alieleza jinsi ndege mmoja wa California anavyofungwa katika eneo lake na hali ya hewa pamoja na aina ya vichaka anavyovitegemea. Vijidudu vya malaria navyo vina mipaka: aina iuayo zaidi, Plasmodium falciparum, haiwezi kukomaa ndani ya mbu penye baridi ya chini ya nyuzi 16 hivi za Selsiasi. Kwa sababu joto hupungua kwa kadiri ya nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 tunazopanda, wakazi wa miinuko walipata kinga waliyojengewa na maumbile. Dunia inapozidi kupata joto, kinga hiyo hupanda mlima polepole na kuwaacha nyuma waliokuwa chini yake.

Wataalamu wa siku hizi wameugeuza msingi huo kuwa hesabu. Huanza kwa kukusanya rekodi za kila mahali ambapo kiumbe ameonekana, kila rekodi ikiwa na latitudo na longitudo yake. Kisha huzilinganisha na ramani za joto, mvua, uoto na idadi ya watu. Kompyuta huulizwa: mahali hapa pote pana nini kinachofanana? Ikishapata jibu, huonyeshwa nchi ambako kiumbe huyo hajawahi kuonekana, nayo hukipa kila kipande cha ardhi alama kati ya sufuri na moja, kulingana na jinsi kinavyomfaa.

Hivyo ndivyo walivyofanya Marianne Sinka wa Chuo Kikuu cha Oxford na wenzake katika utafiti waliouchapisha mwaka wa 2020. Walichukua rekodi za mbu huyu, nyingi zikiwa za Asia, wakaziunganisha na taarifa za hali ya hewa na za makazi ya binadamu, kisha wakaitazama Afrika. Wakakadiria kwamba zaidi ya watu milioni 126 huishi katika miji ya Afrika inayoweza kumfaa. Miaka miwili baadaye mbu huyo akanaswa Marsabit.

Wapo watakaosema kwamba huo ni utabiri uliotimia, na wapo watakaosema kwamba ni bahati nasibu ya wazungu wenye kompyuta. Wote wawili wamekosea, na kosa lao ni moja: wameichukua ramani kuwa ramli. Mpiga ramli hudai kujua litakalotokea. Ramani ya aina hii haidai hivyo. Fundi wa cherehani aliyekwisha kumpima mtu anaweza kusema nguo ipi itamtosha. Hawezi kusema kama mtu huyo ataivaa. Vivyo hivyo, ramani husema mbu anaweza kuishi wapi. Kama atafika, kama atadumu, na kama ataua, hayo hutegemea barabara, bandari, matangi na bidii yetu.

Kwa hiyo msomaji ajihadhari na namna ya kuzisoma tarakimu. Watu milioni 126 si wagonjwa milioni 126. Ni wakazi wa miji ambamo mlango umeachwa wazi. Hali kadhalika, utafiti ule uliangalia miji mikubwa, lakini Laisamis si jiji. Ni kituo kidogo katika nchi kame, kando ya barabara kuu itokayo Moyale kuelekea Isiolo na Nairobi. Aliyedhani kwamba mji usiotajwa umesalimika aliisoma ramani kwa jicho moja.

Pia tukumbuke kwamba hali ya hewa peke yake haitoshi kueleza mambo. Ukiangalia mvua tu, ungesema nchi kame haiwezi kumlisha mbu anayehitaji maji yatuame. Lakini binadamu huumba hali ya hewa ndogo ndani ya hali ya hewa kubwa. Pipa la maji lililo kivulini ni bwawa katikati ya jangwa. Mabadiliko ya tabia ya nchi yanapoleta ukame mrefu, kama ule ulioikumba Pembe ya Afrika kuanzia mwishoni mwa 2020 kwa misimu mitano ya mvua haba mfululizo, watu hulazimika kuhifadhi maji zaidi. Hivyo ukame wenyewe unaweza kumfungulia mlango mdudu wa majini. Fikira hii haimo katika jibu la kukariri la mwanafunzi wetu, na ni wajibu wa mwalimu kumwongoza hadi huko.

Lakini udhaifu mkubwa kuliko yote wa ramani hizi hautoki Oxford, unatoka kwetu. Kielelezo cha hesabu hula rekodi kama kinu kinavyokula mahindi. Kikikosa mahindi, husaga upepo. Katika sehemu kubwa ya Afrika rekodi za wadudu, mimea na wanyama zimekusanywa kandokando ya barabara na karibu na vituo vya utafiti. Kwingineko ramani ni tupu, na aghalabu mtu huuona utupu huo akadhani kiumbe hayupo, kumbe aliyekosekana ni mtazamaji. Kutoonekana si kutokuwapo. Hakuna ajuaye kwa hakika mbu huyu alikaa Marsabit muda gani kabla ya kunaswa, kwa sababu ni vigumu kukiona usichokitafuta.

Pengo hilo laweza kuzibwa na watu wa kawaida, na ushahidi tunao hapa nchini. Mwaka wa 1989 ilichapishwa atlasi ya ndege wa Kenya iliyotayarishwa na Adrian Lewis na Derek Pomeroy kutokana na taarifa za watazamaji wengi. Tangu 2013, mradi wa Ramani ya Ndege ya Kenya umekuwa ukipokea rekodi za wananchi wanaojitolea, nchi ikiwa imegawanywa katika vipande vya kilomita 9 hivi kwa 9. Kwa kulinganisha rekodi za zamani na za sasa, wataalamu wanaweza kuona ni ndege gani anayehama na ni yupi anayetoweka. Ikiwa raia mwenye daftari na darubini anaweza kufanya hivyo kwa ndege, kuna nini cha kumzuia mwanafunzi kufanya hivyo kwa viluwiluwi?

Kwa sababu hiyo ninatoa wito kwa walimu wa jiografia, biolojia na hisabati. Vyama vya sayansi shuleni na vianzishe daftari la maji yaliyotuama. Kila juma wanafunzi waandike tarehe, mahali, joto la siku, chombo kilichokuwa na maji, na kama kilikuwa na viluwiluwi au la. Jibu la "hakuna" nalo liandikwe, kwa maana kielelezo hujifunza kutokana na kukosekana sawa na kupatikana. Kisha chombo kifunikwe au kimwagwe, na viluwiluwi vikionekana wakati wa kiangazi taarifa ipelekwe kwa afisa wa afya ya umma. Kuwatambua mbu kwa jina ni kazi ya maabara. Kuwaona na kuwaripoti ni kazi ya mtu yeyote mwenye macho.

Serikali za kaunti nazo zisisubiri wagonjwa ndipo zinunue dawa. Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wa kumzuia mbu huyu barani Afrika mnamo Septemba 2022, na miongoni mwa nguzo zake ni ufuatiliaji na ubadilishanaji wa habari. Habari hizo haziwezi kubadilishwa kama hazikukusanywa.

Mwanafunzi wa kesho akiulizwa malaria hupatikana wapi nchini Kenya, asijibu kwa majina ya mahali tu. Aseme pia: ramani hii ilichorwa mwaka gani, kwa rekodi za nani, na ni wapi ambapo bado hatujatazama. Mwanafunzi wa namna hiyo atakuwa amehitimu kuichora ramani yake mwenyewe, na huenda kijiji chake kikaokolewa nayo.