Kujiunga na Jeshi Baada ya Miaka 26

Katika matangazo ya usajili ya miaka ya karibuni, Jeshi la Ulinzi la Kenya (KDF) limekuwa likichukua makurutu wa kawaida wenye umri wa miaka 18 hadi 26. Aliyepita hapo huhesabiwa kuwa amechelewa, hata kama mbioni anamwacha mbali kijana wa miaka 19. Kisii na Nyamira kikomo hiki kinauma zaidi. Mashamba yamegawanywa kutoka babu hadi mjukuu mpaka kipande kinachobaki hakilishi jamaa, na ajira yenye mshahara ni tegemeo kubwa. Kuna wanaorudi nyumbani mara kwa mara kwa kukosa karo, wakamaliza kidato cha nne wakiwa na miaka 21 au 22. Wakikosa nafasi mara mbili tatu, umri umekwisha.

Zamani umri haukuwa kizuizi. Baada ya mapigano ya Waingereza na Wajerumani mjini Kisii, tarehe 12 Septemba 1914, wanaume wa Gusii walichukuliwa kuwa wapagazi wa vita. Hapakuwa na cheti cha kuzaliwa cha kuangalia. Mwenye mabega alibebeshwa mzigo, awe na watoto au hana.

Siku hizi, katika viwanja vya usajili kama ule wa Gusii mjini Kisii, karatasi ndizo zinazosema kwanza: kitambulisho cha taifa na cheti cha KCSE, vyote halisi. Kisha ni mbio, kupimwa kimo kisichopungua mita 1.60, na uzito wa angalau kilo 54.55 kwa mwanamume na 50 kwa mwanamke. Meno, macho na nyayo hukaguliwa pia. Hakuna hatua hata moja inayomlegezea mtu kwa sababu ya miaka yake.

Aliyepita miaka 26 bado ana mlango wa ufundi. Mafundi wenye vyeti wamekuwa wakipokelewa hadi miaka 30, na hapo ndipo kozi ya umeme, mabomba au magari katika chuo kama Kisii National Polytechnic inapomwongezea kijana miaka minne ya kujaribu. Hii ndiyo njia inayofaa kutiliwa mkazo na wazazi, kwani hata jeshi likimkataa, ufundi anabaki nao. Wenye shahada, kama madaktari na wahandisi, huingia kama maafisa wataalamu, nao pia mwisho wao ni 30. Mafunzo yao hufanyika Lanet, Nakuru. Makasisi na maimamu wameruhusiwa hadi miaka 39.

Kwa Wagusii walioko Marekani, hasa jamii kubwa ya Minnesota, mlango ni mpana zaidi. Jeshi la Wanamaji la huko lilipandisha kikomo hadi miaka 41 mwaka 2022, na Jeshi la Anga hadi 42 mwaka 2023. Asiye raia lazima awe na kibali cha ukaazi wa kudumu.

Wanaoumizwa sana na matapeli ni hawa waliokaribia kikomo au kukipita, kwa kuwa wana haraka. Huuziwa barua bandia za kuitwa, wakafika nazo kambi ya Moi, Eldoret, na kutiwa mbaroni langoni. Familia isiuze ng'ombe wala shamba kwa ajili ya barua hiyo: usajili wa KDF haulipiwi hata shilingi moja.