Kabla hujauza ukili wako, hesabu pima

Ujumbe ulikuja kwa sauti, baada ya kipindi cha asubuhi, kutoka kwa msikilizaji wetu mmoja wa wilaya ya Rufiji. Alikuwa anatumia simu ya mama yake. Alisema: "Nasuka ukili tangu darasa la tatu. Mbona sijawahi kununua hata simu kwa pesa ya ukili?"

Swali hilo tulilisikiliza mara mbili studio, kisha tukapanda gari kwenda kumwona.

Ana miaka 22 na ameomba tusimtaje jina. Ni kijana wa aina tunayoisikia sana kwenye simu za kipindi. Anapenda mitindo: kila kipande cha kitenge kinachobaki kwa fundi cherehani wa jirani anakiomba. Anapenda kupika, na wali wake wa nazi tumeula. Mikono yake haitulii, hata akiongea na wewe anasuka. Na mwaka wake anauhesabu kwa Ramadhani, Idi na Maulidi, siyo kwa Januari na Februari. Mambo yote haya manne, nguo, chakula, kazi ya mikono na dini, yanakutana kwenye kitu kimoja alichokuwa amekishika: ukili.

Kwa msikilizaji asiyetoka pwani, tueleze kidogo. Ukili ni ule mkanda mrefu mwembamba unaosukwa kwa majani ya mkindu au mlala. Majani machanga ambayo hayajafunguka hukatwa, huanikwa juani mpaka yaweupe, huchanwa vipande vyembamba, na vingine hutiwa rangi. Ukili ukishapatikana wa kutosha, huzungushwa na kushonwa kwa shazia, ile sindano kubwa, ukingo kwa ukingo. Hapo ndipo unapata mkeka wa kulalia, msala wa kuswalia, kawa la kufunikia chakula, kikapu cha sokoni. Kitu kikubwa na kidogo vyote vinaanza na mkanda uleule.

Ukili hupimwa kwa pima, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, kama futi 6. Na hapa ndipo tulipoanza kuona jibu la swali lake. Alikuwa anauza ukili mtupu, kwa pima, kwa wanunuzi wanaopita kijijini. Hajawahi kukaa chini akahesabu mkeka mmoja unakula pima ngapi. Tulikaa naye, tukachukua kalamu.

Mkeka wa futi 6 kwa futi 3, ukitumia ukili wa upana wa inchi 2, unakula pima 18. Hiyo ni kabla ya kuongeza ya pindo na ya kuharibika. Ukiufanya ukili uwe mwembamba zaidi, wa inchi 1, mkeka uleule unakula pima 36. Binti alinyamaza. Bibi yake, aliyekuwa anapepeta mchele pembeni, akacheka: "Mimi nilikuwa najua kwa mgongo, mjukuu wangu. Mgongo ulikuwa unaniambia."

Maana yake ni hii: mteja anayekuambia "nataka mkeka wa ukili mwembamba, unapendeza" anakuomba usuke mara mbili. Kama bei ni ileile, umempa nusu ya kazi bure. Wasukaji wengi wanapunjwa hapo, na tunadhani mara nyingi mnunuzi mwenyewe hajui anachokiomba. Mwambie.

Sasa tuchukue mfano wa pesa. Bei za kwenu mnazijua nyinyi, hizi ni za kufanyia hesabu tu. Tuseme pima moja inanunuliwa shilingi 1,000. Ukili wa mkeka mzima, pima 18, utakupa 18,000. Tuseme mkeka ulioshonwa unauzwa 45,000, na rangi na uzi vimekula 5,000. Zinabaki 40,000. Kwa hiyo kushona, labda siku mbili, kumekuongezea 22,000 juu ya ukili uleule ambao ungeutoa mlangoni. Anayenunua ukili wako anaijua hesabu hii. Ndiyo maana anakuja mpaka kijijini.

Halafu kuna vitu vidogo, na hapa binti alituzidi sisi. Msala wa mviringo wa urefu wa futi 4 na upana wa futi 2 unakula pima 6 na kidogo. Kawa la kawaida, lenye mdomo wa futi moja na nusu, halifiki pima 3. Tukirudi kwenye mfano wetu, kama kawa linauzwa 12,000, zile pima 18 za mkeka mmoja zinatoa makawa sita, yaani 72,000. Tukamwambia basi aache mikeka ashone makawa. Akatuangalia kama watu wa mjini. "Makawa sita atanunua nani mwezi huu? Kawa ni la Ramadhani."

Ni kweli. Kawa lina sifa ambayo mfuniko wa plastiki hauna: linapitisha mvuke. Ukifunika wali wa moto kwa kitu kisichopumua, mvuke unageuka maji na kurudi kwenye wali. Chini ya kawa wali unabaki mkavu na nzi hafiki. Lakini watu hulikumbuka kawa wakati wa kutandika futari, na msala huutafuta siku chache kabla ya mfungo. Kwa hiyo anayeshona vitu vya ibada na vya mezani lazima aijue kalenda. Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka. Katika miaka mitatu imesogea karibu mwezi mzima, na kama zamani uliikausha milala yako wakati wa jua kali, utafika mwaka ambao wiki za kukausha zitaangukia kwenye masika. Mwaka jana binti alifunga misala minne kwenye kiroba kabla haijakauka sawasawa. Ilipofika kwa mteja ilikuwa na ukungu mweusi, na pesa aliirudisha yote. Kausha mapema, hata miezi miwili kabla, uhifadhi majani juu, mbali na sakafu.

Rangi nayo imewahi kumtia aibu. Rangi nyekundu ya unga ilichuja kwenye kanzu nyeupe ya mtu aliyeswalia msala mbichi. Siku hizi anasuuza majani mpaka maji yatoke meupe, kisha anasugua kitambaa cheupe kilicholowa juu ya ukili. Kitambaa kikipata doa, anasuuza tena. Hili hata anayeshona vikapu vya sadaka vya kanisani limfae, maana noti na nguo za Jumapili nazo zinapata doa.

Kuna oda moja aliikataa, na tuliona tuiandike kwa sababu wasikilizaji wengine watakutana nayo. Mteja wa Dar es Salaam alitaka misala kumi yenye aya iliyosukwa katikati kwa herufi nyeusi. Pesa ilikuwa nzuri kuliko aliyowahi kuishika. Akaenda kwa mwalimu wake wa madrasa, naye akamuuliza swali moja: "Miguu itakanyaga wapi?" Akampigia mteja, akamwambia hawezi kuliweka neno la Mungu chini ya unyayo, lakini anaweza kumsukia nakshi ya majani kwa bei ileile. Mteja hakujibu siku tatu. Kisha akachukua misala mitano badala ya kumi. Mama yake bado anamlaumu kwa ile mitano. Bibi hamlaumu.

Mikoba ndiyo anayoipenda zaidi, na ndiko mitindo inakoingia. Ndani anaweka bitana ya vile vipande vya kitenge, na mpini anashonea ngozi. Tangu Juni 1, 2019, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipopigwa marufuku Tanzania Bara, wengi wamehamia mifuko laini ya dukani, lakini kikapu kizuri bado kina wenyewe, hasa kikiwa na bitana inayozuia vitu vidogo kudondoka. Akipiga picha anaweka chupa ya maji ya nusu lita kando ya mkoba, ili mteja aone ukubwa bila kuuliza. Oda kubwa hachani jani kabla hajapata pesa ya vifaa, na anaangalia salio kwenye simu yenyewe, haamini ujumbe tu. Ujumbe wa uongo umeshawaliza wengi huku kwetu.

Jambo la mwisho alilotuonyesha lilikuwa porini, kando ya maji. Baadhi ya mikindu ilikuwa imesimama mikavu. Wakataji walikuwa wamekata na moyo, ile sehemu laini katikati inayotoa majani mapya, na shina likikatwa hapo halichipui tena. Yeye anachukua jani moja changa kwa shina, anaacha moyo, na anahamia shina jingine. Zamani, alituambia, bibi yake alikuwa anakata nyuma ya nyumba. Sasa ni mwendo wa saa nzima, na huo mwendo hakuwa ameuweka kwenye hesabu. Tuliurudia ule ukurasa wa kalamu, tukauongeza.

Mahojiano naye na bibi yake yatarushwa Jumamosi baada ya taarifa ya habari ya saa nne asubuhi. Ukiwa na ukili nyumbani, uwe nao karibu na futi ya fundi. Tutahesabu pamoja.