Umelipia ukumbi na DJ Kibaha, wimbo je?

Kampuni imekodi ukumbi Maili Moja, Kibaha, kwa hafla ya kufunga mwaka. MC kalipwa, DJ kalipwa, chakula kimelipiwa. Wiki inayofuata wafanyakazi wako Kisarawe kwenye bonanza, mpiga video akiwa nao. Video ya dakika tatu inapandishwa Instagram, chini yake unapigwa wimbo wa Bongo Fleva unaotamba.

Kesho yake video haina sauti. Bosi anauliza: "Si tulishalipia muziki?"

Hawajaulipia. Walicholipia ni kazi ya DJ. Wimbo una mwenyewe, na ruhusa ya kuupiga ukumbini siyo ruhusa ya kuuweka kwenye video.

Ukumbini

Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, kupiga wimbo kwenye shughuli ya kampuni ni kuutumia hadharani. Kama DJ analipia programu ya muziki kwenye simu yake, malipo yale ni ya kusikiliza binafsi.

Hapa hakuna haja ya kumtafuta kila msanii. Kinacholipiwa ni leseni, na fedha zake hugawiwa wasanii kama mirabaha. Januari 2022, kwa mfano, mgawo wa zaidi ya Sh300 milioni ulitolewa kwa wasanii zaidi ya 1,000.

Zamani COSOTA yenyewe ndiyo ilikusanya. Mabadiliko ya sheria ya 2022 yaliigeuza kutoka chama kuwa Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, na ukusanyaji ukafunguliwa kwa taasisi zinazopewa leseni na ofisi hiyo. Kwa hiyo pa kuanzia ni COSOTA: ulizia nani anakusanya kwa upande wa muziki. Muulize pia mwenye ukumbi kama ana leseni, na kama inahusu shughuli za wanaokodi.

Kwenye video

Hapa ruhusa zinatoka pande mbili. Kuna mwenye utunzi, yaani maneno na melodi. Kuna na mwenye rekodi, ambaye mara nyingi ni lebo au aliyegharamia studio. Msanii akijibu WhatsApp "tumia tu kaka", bado lebo inaweza kukataa. Bendi ikiupiga wimbo upya, suala la rekodi linaisha lakini la utunzi linabaki.

Bei ni ya maelewano. Maandishi yataje wimbo, sekunde zitakazotumika, mitandao itakakowekwa, muda wa matumizi, na kama video ni tangazo.

Na ile kauli ya mtaani kwamba sekunde 15 ni bure? Haimo kwenye sheria. YouTube wana mfumo wa Content ID unaotambua sauti wenyewe. Mwenye haki anaweza kuifungia video au kuchukua mapato yake ya matangazo.

Mambo yanaweza kufika mbali zaidi. Mwaka 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliiamuru kampuni moja ya simu kuwalipa AY na MwanaFA zaidi ya Sh2 bilioni, kwa nyimbo zao kutumika kama miito ya simu bila ridhaa. Kampuni ikakata rufaa, na mvutano ukaendelea kwa miaka.

Zilipendwa na ngoma

Wimbo wa zamani siyo wa bure. Sheria ya 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Mbaraka Mwinshehe alifariki 1979, hivyo hata kazi zake bado zina wenyewe.

Mdundiko wa Wazaramo nao siyo wa kuchukua tu. Sheria hiyo inalinda sanaa za jadi zikitumiwa kibiashara nje ya mazingira yake. Uliza BASATA kabla ya kuuweka kwenye tangazo.

Njia rahisi

Mpe kazi msanii wa Kibaha au Kisarawe atunge wimbo wa kampuni, mlipe, na mkataba useme wazi nani anamiliki utunzi na rekodi. Bajeti ikibana, maktaba ya sauti ya YouTube ina muziki wa bure. Soma masharti ya kila wimbo.

Ruhusa iombwe kabla mpiga video hajaanza kuhariri. Video ikishapandishwa, kampuni haina tena nguvu ya kupatana bei.